Jinsi Nilivyomteremsha Kaka Mkubwa kwa Skuta

Nilikuwa nateremka kwa skuta ule mteremko wa kwenda kwa Mama miguu ikiwa chini, nikiikokota kama bata anayeingia bwawani. Nalisema kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimelikana sana. Nililikana mbele ya fundi wa viatu pale Donholm ninakoishi, aliyetaka kujua kwa nini soli zangu huisha upande wa vidole wakati za wateja wengine huisha kisigino. Nilimwambia nina mwendo wa pekee. Nililikana mbele ya jirani aliyeniona kwa macho yake. Nililikana hata mbele ya kaka yangu mkubwa, sebuleni kwa Mama, nikiwa nimekunja nne na kikombe cha chai mkononi. Nilimwambia kwamba skuta yangu inashika mteremko vizuri kuliko lori lolote aliloendesha maishani mwake.

Haikuwa kweli. Ilikuwa inashika siku inayotaka, na siku nyingine iliniachilia tu, na sikujua kwa nini. Kutojua huko ndiko kulikoniuma, maana nina shahada mbili na tabia ya kuwaeleza watu mambo ambayo hawajaniuliza.

Mteremko wenyewe hauna jina. Unaanzia kanisani, pale boda boda zinapongojea abiria, unapita katikati ya nyumba za mawe za zamani, na kuishia karibu na mto. Juu kuna lami kidogo. Kuanzia katikati ni kokoto na mashimo. Mama anaishi chini kabisa, katika nyumba aliyoletwa akiwa bibi harusi, enzi Baba alipokuwa karani wa reli. Baba alishatangulia. Mama yupo bado, na vitambaa vyake vya kushona kwa mkono viko bado kwenye kila kiti. Tangu upande wa barabara kubwa uchimbwe mtaro wa maji taka na kuachwa wazi, gari haliwezi kufika mlangoni kwake. Imebaki njia moja nyembamba, ya kupanda hadi kanisani, na goti la Mama limekwisha kukataa kupanda.

Pale juu kila Alhamisi kuna ibada ya kina mama, na Mama ndiye anayeanzisha nyimbo. Asiyewajua kina mama wale atadhani ni jambo dogo. Wanaweza kuimba bila yeye, lakini huanza juu mno, na wakifika ubeti wa tatu wote wamekabwa koo. Mama huipata sauti bila kinanda, kama mtu anayechukua kijiko mahali kilipo siku zote. Akikosa ibada huanza kubishana na redio.

Kwa muda alipelekwa na boda boda. Sasa, madereva wa boda wana desturi moja ambayo sijui hufundishwa wapi, ila wote wameihitimu. Wakifika kileleni huzima injini, au hutia frii, pikipiki ishuke kwa uzito wake. Wanasema petroli inayobaki ni ya kurudi. Hakuna anayekumbuka kwamba injini iliyounganishwa na gurudumu ndiyo inayolizuia gurudumu lisikimbie. Ukiitenga injini unabaki na breki zako na maombi ya abiria. Alhamisi moja dereva wa Mama alizima kama kawaida, breki zikateleza kwenye kokoto, na safari ikaishia kwenye meza ya mama muuza mboga. Mama alitua ameketi juu ya mafungu ya sukuma wiki, mkoba mapajani, bila mchubuko. Aliyanunua mafungu yote aliyoyakalia. Alisema huwezi kumkalia mtu mboga kisha ukaondoka. Kisha akaapa kwamba boda boda na yeye basi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na skuta yangu ya rangi ya zambarau, nikiwa na nia njema na ujuzi haba. Safari ya kwanza kupanda ilikuwa nzuri. Baada ya ibada nilisimama mlangoni mwa kanisa, kina mama wakamsaidia Mama kupanda kiti cha nyuma, tukaagana kwa kirefu, nikaondoka taratibu bila kugusa mafuta, kwa heshima ya mzigo niliobeba. Skuta ikaanza kukimbia. Nilishika breki, gurudumu la nyuma likayumba kwenye kokoto, nikaachia, nikashusha miguu. Tulifika salama, nyuma yetu kukiwa na mistari miwili ya vumbi.

"Umeshusha miguu," Mama alisema mlangoni.

Nilimwambia nilikuwa najinyoosha.

Habari ilimfikia Kaka. Si Mama aliyemwambia. Mteremko ule una macho mengi. Kaka aliendesha malori hadi alipostaafu, ya kutoka Mombasa hadi mpakani magharibi, na ameshuka kwenye Bonde la Ufa na shehena ya saruji mara zisizohesabika. Ana msemo wake mmoja: mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Amejenga nyumba nzuri kwetu magharibi, akamtengea Mama chumba chenye choo cha ndani cha kukalia. Choo hicho alikitaja mara nyingi sana katika kikao kile cha familia, hadi nikaanza kukiona katika mawazo yangu kimevishwa utepe wa ufunguzi. Hoja yake ilikuwa ya upendo na haikuwa na tobo. Mama amefungiwa bondeni. Hawezi kwenda kanisani, hawezi kwenda sokoni, akiugua atabebwa kwa machela. Basi aende nyumbani.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba wote aliowahi kuimba nao kule wameshazikwa, na kwamba hataki kujifunza majina mapya akiwa na umri ule. Alianza kukunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena, na nilijua kwamba akipelekwa atakwenda bila kelele na kwamba hatarudi.

Nikasema kwamba mimi nitampeleka na kumrudisha, kila Alhamisi na kila Jumapili.

"Kwa chombo gani?" Kaka aliuliza. "Kwa ile?"

"Kwa ile."

"Dada yangu, nisikilize. Pikipiki ya boda ina gia na klachi ya mkono. Mwenye akili akitaka anashuka na gia ya kwanza, injini inamshika. Hiyo yako ukiongeza mafuta inakwenda, ukiachilia inakwenda. Hiyo ni mkokoteni wenye taa."

"Inashika," nikasema.

Mama alivitazama viatu vyangu, kisha akanimiminia chai zaidi.

Kaka alisema atakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kufunga vitu. Kama kufikia hapo nitamwonyesha kwamba mashine ile inaweza kumshusha mwanamke wa umri wa Mama bila miguu ya dereva kugusa chini, atazungumza tena. Kama sivyo, pikapu itasubiri pale kanisani.

Nilirudi Donholm nikiwa nimeshindwa mbele ya kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, nami nilikuwa njiani kujiunga nao. Nikaanza kuichunguza skuta kama mke anayemchunguza mume. Kuna siku ilishika kweli: nikiachia mafuta injini ilinguruma chini ya kiti, na mashine ikajivuta nyuma kama punda aliyekumbuka jambo. Siku nyingine hakuna kitu. Nilishuku petroli. Nilishuku mvua, nikashuku uzito wa vitabu mkobani. Asubuhi moja nilishuka bila mkoba kabisa, nikakimbizwa vilevile hadi chini, na mwenye mkokoteni wa maji akanipisha kwa kuingia mlangoni mwa watu.

Hatimaye niliona mpangilio. Nilipokuja moja kwa moja kutoka barabara kuu na kuingia mteremkoni bila kusimama, ilishika. Niliposimama pale juu kusalimiana na kuanza kushuka kutoka hapo, ilikimbia. Niliuona mpangilio lakini sikuona sababu yake, na mtu aliyesoma huaibika zaidi na mpangilio usio na sababu kuliko na ujinga mtupu.

Nikaenda kwenye duka la spea karibu na Eastleigh, nikaomba klachi ya skuta iliyokufa. Muuzaji aliuliza ninataka kuifungia wapi. Nilimwambia ni ya kuangalia. Alinipa kwa jicho analopewa mteja anayenunua kiatu kimoja.

Niliipeleka kwa Mama, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kesi. Aliitandikia gazeti kuukuu juu ya meza, akavaa miwani. Nikamwonyesha. Katikati kuna vipande vitatu vyenye umbo la ndizi, na springi zinavivuta vijikunje kuelekea katikati. Mgongoni kila kipande kina bitana ngumu kama ya breki. Vyote vitatu vimekaa ndani ya bakuli la chuma bila kuligusa. Injini huvizungusha vipande. Bakuli ndilo linalozungusha gurudumu. Injini ikinguruma polepole, springi hushinda, vipande vinabaki vimejikunja, na ndiyo maana skuta inaweza kusimama kwenye taa nyekundu injini ikiwaka bila kuondoka. Ukiongeza mafuta, mzunguko unavitupa vipande nje, vinalibana bakuli kwa ndani, gurudumu linakwenda. Hakuna mkono wa klachi kwa sababu kasi yenyewe ndiyo inayofunga na kufungua.

Mama aliigeuza ile klachi, akavisukuma vipande kwa kidole, akaviona vinarudi.

"Ni rinda," akasema.

Alikuwa na maana ya rinda pana la kwaya, lile la enzi zake, lililopigwa pasi likawa na mikunjo hadi chini. Ukisimama limelala miguuni. Ukizunguka linafunguka, na ukizunguka kwa kasi linampiga aliye karibu. Nilisema ndiyo, ni hivyo hasa, nikaendelea kueleza. Akanikatiza.

"Sasa pale kanisani. Umesimama, unaningoja nipande. Rinda liko wapi?"

"Limelala."

"Halafu unaanza kushuka bila kuongeza mafuta."

Niliivuta klachi upande wangu, nikalizungusha bakuli kwa kidole. Gurudumu linabiringika, linalizungusha bakuli. Bakuli linazunguka, lakini vipande viko katikati, vimejikunja, havigusi kitu. Hakuna wa kuviinua. Injini iko pale ikinguruma kwa starehe na haina habari kwamba tunakwenda mtoni. Muda wote ule injini yangu ilikuwa inashuka nami kama abiria. Nilikuwa nimewasema madereva wa boda kwa kutia frii, kumbe mimi nilikuwa natia frii kila nilipoanzia kanisani, bila hata kuokoa petroli.

Na dawa yake ilikuwa ya kuchekesha: ukitaka injini ikuzuie, lazima kwanza uongeze mafuta. Kidogo tu, hadi vipande vifunguke na kulikamata bakuli. Hapo unaachia. Sasa gurudumu lenyewe, kwa nguvu za mteremko, ndilo linalovizungusha vipande na kuvifanya vibaki wazi, nalo linalazimika kuiburuta injini, na injini haipendi kuburutwa. Inashika. Ukipungua mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, vipande vitajikunja tena, nawe utaviamsha tena. Breki ziko pale kusaidia, lakini hazibebi kazi yote.

Nilielewa pia kwa nini sikuwahi kuligundua. Mtu mwoga akiwa kileleni mwa mteremko, jambo la mwisho litakalomjia kichwani ni kuongeza mafuta.

Nilitoka hapo hapo, nikaipandisha skuta hadi kanisani, nikasimama kabisa. Nikaiachia ibiringike kidogo, nikauzungusha mkono wa mafuta, huku kila kiungo mwilini kikinipigia kura ya hapana. Ikaruka mbele kidogo. Nikaachia. Injini ikanguruma, skuta ikakaa chini kama mtu aliyepata kiti. Nilishuka hadi mlangoni kwa Mama viatu vikiwa vimetulia mahali pake, na sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Jumamosi Kaka alifika na maboksi. Nilimwambia kabla hajafungua hata moja kwamba niko tayari kumwonyesha. Akasema sawa, atasimama kando aangalie. Nikasema hapana, atapanda. Kaka ni mtu mzito. Akikaa kwenye sofa la Mama, wa upande wa pili huinuka. Alicheka, akamgeukia Mama amtetee.

"Baba, panda," Mama akasema. Humwita hivyo kwa kuwa Kaka alirithi jina la babake Mama. "Kama itamwangusha mtu, imwangushe mwenye nyama."

Kupanda mlima kulichukua muda, na skuta ililalamika njia nzima. Pale juu nilisimama mahali pabaya kuliko pote, pale mteremko unapoanzia, injini ikiwaka polepole. Madereva wa boda waliacha mazungumzo yao.

"Niaje, mathe," mmoja akasema. "Leo umebeba kontena?"

"Buda, shuka uchukue pikipiki mbili," mwingine akaongeza. "Hiyo moja ni ya nusu yako."

Kaka alijikaza, akauliza kama tunangoja wanunue tiketi. Nikamwambia nitamwonyesha kitu kimoja kwanza. Nikaiachia skuta bila mafuta. Ikaanza kubiringika, ikapata kasi haraka kuliko nilivyopenda, kwa sababu ya ule uzito.

"Unaona?" Kaka alisema sikioni mwangu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda. "Unaona sasa?"

"Naona," nikasema, nikaongeza mafuta.

Mikono yake ilinishika mabega kama mtu anayeng'oa mihogo. Aliniuliza kama nina wazimu, kuongeza mafuta mteremkoni, na akamtaja Mungu wa baba yetu. Nikaachia. Ile ngurumo ikaja. Skuta ikajivuta nyuma, kifua cha Kaka kikanigonga mgongoni, na kuanzia hapo tukashuka kwa mwendo wa maandamano ya Jumapili ya Matawi. Breki niliigusa kidogo tu penye mashimo. Miguu yangu ilikuwa juu, na niliisogeza kando ili aione vizuri. Mama muuza mboga, alipotuona, aliivuta meza yake ndani kwa mazoea, kisha akasimama akitutazama tunavyopita polepole, akairudisha.

Chini, Kaka alishuka. Alifanya jambo ambalo nimemwona akilifanya tangu nikiwa msichana, kila alipoegesha lori: aliinama akaligusa gurudumu la nyuma kwa mgongo wa mkono, pale breki inapokaa, kusikia joto.

"Breki haijapata moto," akasema. Kisha: "Turudi. Safari hii usimame katikati, pale kwenye kokoto, uanze kutoka hapo."

Tulirudi. Nikasimama kwenye kokoto, tukaanza kutoka hapo, nikaziamsha ndizi zangu tatu, zikashika. Alinitaka nieleze nilichofanya kwa mkono wangu wa kulia, nikamweleza hadithi ya rinda. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, akasema lori halina rinda, lakini anaelewa.

Mama alikuwa amepika kuku na ugali. Maboksi yalikuwa bado ukutani, matupu, na hakuna aliyeyataja. Kaka alikula akiwa amenyamaza, na kunyamaza kwake si dalili ya kitu chochote. Hula hivyo harusini na matangani. Mama hakumwuliza. Alikuwa akilichuna paja lake la kuku polepole sana, kama mtu asiyetaka chakula kiishe.

Simu ya Kaka ikalia. Mikono yake ilikuwa na mchuzi, kwa hiyo Mama akaichukua, akabonyeza, akaiweka katikati ya meza ili sote tusikie. Alikuwa wifi yangu, kutoka nyumbani. Alitusalimia wote, akaulizia goti la Mama, kisha akasema godoro limefika na fundi wa kitanda yuko hapo mlangoni, anataka kujua kichwa cha kitanda cha Mama kielekezwe dirishani au ukutani.

Mama aliacha kutafuna.

"Mwambie akirudishe," Kaka akasema.

"Kitanda?"

"Kitanda na godoro. Mama haji."

Wifi akauliza polepole kama kuna jambo limetokea, na ule mteremko utakuwaje.

"Mteremko nimeuteremka mara mbili leo, nyuma ya dada yangu," Kaka akasema, akamega ugali. "Inashika. Mama atakuja kututembelea Krismasi, halafu anarudi kwake. Kata simu, mama watoto, chakula kinapoa."